Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: kaka yangu hawezi kusubiri afike miaka 60

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa wakubwa wa NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) makao makuu na NIMR Mbeya, kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe na Iringa, na kwa yeyote aliyeshika faili la watu wenye ulemavu na yule aliyeshika faili la wazee, maana hili la wenye sindromu ya Down kupata ugonjwa wa kusahau kabla ya uzee linawahusu wote wawili na nina wasiwasi hamjawahi kukaa meza moja.

Shikamooni mnaostahili, wengine habari za kazi. Mi nauza viazi hapa Uyole, kwetu hasa ni Rungwe. Mambo ya maabara sikuyasomea, nimeyajua kwa sababu ya kaka yangu na kwa sababu ya binti wa dada yangu anayesoma uuguzi, ambaye kila nikimtumia kitu nilichokikuta kwenye simu ananijibu mama mdogo hiki kweli, hiki uongo. Kwa hiyo nikiandika kienyeji mnivumilie tu ila msije mkaniambia sijui ninachoongea.

Kaka ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayofanya mtu achelewe kujifunza, na anaelekea miaka 50. Watu wakisikia umri wake wanashangaa, hata daktari mmoja alishangaa mbele yangu akasema hawa mbona hawafikagi huko. Yeye kafika. Marehemu baba aligoma kumficha ndani, akampa kazi, kwa hiyo kwa miaka mingi maziwa ya asubuhi kaka ndo alikuwa anayabeba kupeleka kituoni, anarudi na karatasi yake ya lita mfukoni haijakunjwa hata kona, na Jumapili yuko kwaya ya Moravian na kayamba lake, kuhesabu hawezi lakini kwenye mapigo humkamati.

Halafu akabadilika. Na haikuanza na kusahau kama tunavyosikia kwa wazee. Ilianza na ukali. Mtu mpole akaanza kugombana na mama kwa ajili ya soksi, akagoma kuoga, akawa akifika kwenye ngazi za kanisa anasimama hashuki mpaka ashikwe mkono, mapigo yakaanza kumpotea mpaka mwalimu wa kwaya akamwambia kwa upole apumzike kidogo, maziwa akawa anayaacha njiani anarudi mikono mitupu na ukimuuliza dumu liko wapi anakuangalia tu. Mwisho kikaja kifafa, mtu ambaye hajawahi kudondoka tangu utoto wake. Hapo mtaa mzima ukawa na majibu. Karogwa. Wengine oh huyo siye, mwenyewe kachukuliwa msukule. Wengine laana ya ukoo, na kuna posa ya mtoto wetu mmoja ililegea kwa maneno hayohayo.

Kumbe njia yote hiyo aliyopita kaka inajulikana. Kwa wenye Down, Alzheimer, ule ugonjwa unaoharibu ubongo taratibu, mara nyingi inaingia kwa kubadilika tabia na kushindwa kupanga mambo, kumbukumbu inafuata, na kifafa kinachoanza ukubwani ni kitu cha kawaida kabisa kwenye ugonjwa huu kwa watu hawa. Hakuna aliyetuambia. Tulikwenda hospitali moja wakampima kwa maswali ya kawaida, leo tarehe ngapi, rais ni nani, toa saba kwenye mia. Jamani, kaka hajawahi kutoa saba kwenye mia tangu azaliwe! Akaandikiwa dawa ya kifafa, hiyo sawa, nashukuru, lakini kwa mengine yote jibu likawa ndo ulemavu wake huo. Tukaenda kwenye dirisha la wazee tukaambiwa umri wake bado, arudi akifika 60. Tukaenda kwa watu wa ulemavu tukaambiwa hili la kusahau ni la wazee. Sitaji hospitali wala jina la mtu, maana wale wahudumu hawakuwa na roho mbaya, walikuwa wanafuata karatasi walizopewa na ninyi.

Na hapo ndo ugomvi wangu ulipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inahesabu mzee kuanzia miaka 60. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo ipo, nzuri tu. Lakini ubongo wa mwenye Down hausubiri hiyo 60 yenu. Akifika miaka 40 karibu kila mmoja wao ana yale mabaka ya Alzheimer kichwani, hata kama kwa nje hajaonyesha kitu. Dalili kwa wastani zinakuja akiwa na miaka hamsini na tatu, hamsini na nne hivi, wengine mapema zaidi, na ukichukua maisha yote uwezekano wa kupata dimenshia, yani kupotea kumbukumbu na akili, unazidi 90 kwa 100. Hamna kundi lingine kubwa la watu duniani ambalo ukimwona mtu leo akiwa kijana unaweza kusema kwa uhakika wa namna hiyo nini kitampata.

Yule daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwenyewe, mgonjwa wake wa kwanza aliyemweleza kwa wenzake mwaka 1906 ni mama aitwaye Auguste Deter, aliyepokelewa hospitali Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Angekuja kwenye dirisha letu la wazee angeambiwa arudi baada ya miaka tisa. Angekuwa ameshakufa.

Sasa sababu yenyewe, niieleze kwa lugha ya sokoni. Ndani ya mwili kuna nyuzi za urithi zinaitwa kromosomu, mtu wa kawaida anazo mbilimbili, mwenye Down ile ya 21 anazo tatu. Hilo lilijulikana Ufaransa mwaka 1959, kina Jérôme Lejeune na Marthe Gautier. Kwenye hiyohiyo ya 21 ndo inakaa jeni (kipande cha maelekezo ya urithi) inaitwa APP, inatengeneza protini ambayo ikikatwa kwa namna fulani inaacha vipande vinaitwa amiloidi beta, na hivyo vipande ndo vinajikusanya vinakuwa mabaka kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Mwenye nakala tatu anatengeneza nyingi kupita kiasi maisha yake yote. Ni lumbesa, wakubwa. Gunia kwenye makaratasi ni gunia moja, ila juu wameshonea wavu wakajaza tena, na mgongo unaobeba ni uleule mmoja, siku ya kwanza hauumi, unakuja kuuma mwaka wa arobaini.

Uthibitisho upo wa pande zote mbili na mimi huu ndo ulionikalisha chini. Mwaka 2006 Wafaransa walielezea familia ambazo watu wake hawana Down kabisa, wamezidishiwa tu hicho kipande chenye jeni ya APP, nao wakapata Alzheimer mapema. Na mwaka 1998 kule Uingereza aliandikwa mwanamke mwenye Down ambaye kromosomu yake ya ziada haikuwa nzima, ile sehemu yenye APP haikuzidi, mama huyo akafika miaka 78 bila Alzheimer. Yani ukiondoa lile gunia la juu, mgongo unapona. Ukitaka kujua kwa nini wanasayansi wa dunia wanawatafuta watu kama kaka yangu, jibu ni hilo, wao ndo wanaonyesha ugonjwa unaanzia wapi kabla haujaonekana kwa yeyote.

Na deni lipo, tena la zamani. Mwaka 1984 Mmarekani George Glenner na mwenzake walipata hiyo amiloidi kutoka kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, wakaikuta ileile kwenye ubongo wa marehemu waliokuwa na Down, wakasema basi jeni ya kutafuta iko kwenye kromosomu 21. Ilipatikana kweli huko. Dawa zote hizi za kuondoa amiloidi zinazotajwa leo zimepita kwenye mlango uliofunguliwa na wenye Down. Halafu zilipofika kujaribiwa kwa watu, kwenye yale majaribio makubwa ya lekanemabu na donanemabu watu wenye Down hawakuwekwa. Ni miaka hii ya karibuni ndo wameanza kuandaliwa majaribio yao. Mi nasema hiyo si haki hata kidogo, na sisemi kwa hasira, nasema kama mtu wa soko anayejua aliyeleta mzigo analipwa kwanza.

Nisieleweke vibaya lakini. Siombi mniletee lekanemabu Mbeya. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2023 bei yake ilitajwa dola 26,500 kwa mwaka kwa mtu mmoja, inachelewesha kidogo tu haiponyi, inataka mashine ya MRI kila mara kuangalia ubongo usivimbe wala kuvuja damu, na wenye Down mishipa yao ya ubongo nayo ina amiloidi nyingi kwa hiyo hatari ya kuvuja kwao inabidi ipimwe kwa uangalifu sana. Mkiwa na hela hizo tengenezeni kwanza barabara za kupitisha wagonjwa huku milimani. Ninachoomba ni utafiti unaotuhusu sisi, kwa vitu tulivyonavyo.

Na msiseme kilichopimwa kwa wengine kinatosha. Kuna dawa inaitwa memantini, inatumika kwa wagonjwa wa Alzheimer wa kawaida, wakaja kuijaribu Uingereza na Norwei kwa wenye Down waliozidi miaka 40, matokeo yakatoka 2012, haikuwasaidia. Bila ule utafiti wa peke yao mpaka leo wangekuwa wananunuliwa vidonge na ndugu zao wanauza ng'ombe.

Kuna kitu kingine nataka kisikike vizuri na majirani nao wasome. Alzheimer ya kurithi ipo ya aina mbalimbali. Kuna familia chache sana duniani zenye hitilafu kwenye jeni moja kati ya tatu, APP, au PSEN1, au PSEN2, na hizo mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, na mtu anaanza kuumwa akiwa na miaka arobaini au hamsini, hata chini ya hapo. Sindromu ya Down ni habari tofauti, kwa karibu 95 katika kila 100 ni kromosomu tu hazikugawanyika sawasawa wakati yai au mbegu inatengenezwa, haitoki kwenye ukoo, haiendi kwa wajomba, na mimi mdogo wake sijabeba gunia lake wala wanangu hawajalibeba. Hiyo posa iliyolegea ililegea bure. Ningeomba hata wachungaji walisome hili mbele, wanasikilizwa kuliko mganga mkuu (samahani mganga mkuu).

Hizo familia za kurithi zilijulikanaje? Nilipenda sana hii. Miaka ya 1980 mwanamke wa Uingereza anaitwa Carol Jennings aliona baba yake na ndugu za baba yake wanapotea akili mmoja baada ya mwingine wakiwa bado na nguvu, akaandika barua kwa watafiti London, akawaambia njooni mtuangalie. Walikuja. Mwaka 1991 timu ya John Hardy ikatangaza hitilafu ya kwanza ya jeni ya APP, kutoka kwenye damu ya familia hiyo. Baadaye na yeye mwenyewe Carol akaupata ugonjwa. Kwa hiyo barua ya mtu wa kawaida ishawahi kufanya kazi, na aliyeisoma hakumuuliza kiwango chake cha elimu.

Na Kolombia mnaijua? Huko Antiokia, milima ya kahawa, ukiangalia picha utasema Mbozi. Daktari Francisco Lopera alianza miaka hiyohiyo ya 1980 kufuatilia koo za vijijini ambako watu walikuwa wanaanza kusahau kwenye miaka ya arobaini na majirani wanasema wamerogwa, maneno yaleyale ya kwetu. Akachora ukoo mpaka akafikia watu kama 6,000, kama 1,200 kati yao wana ile hitilafu ya PSEN1. Hakuanza na mashine, alianza na daftari na kukaa na watu. Dawa iliyojaribiwa kwa familia hizo matokeo yake mwaka 2022 hayakuonyesha faida iliyotarajiwa, na walivumilia miaka yote hiyo. Lakini humohumo akapatikana mama mmoja, Aliria Piedrahita, ana hitilafu ileile mbaya, ubongo umejaa amiloidi, ila hakuanza kupoteza kumbukumbu mpaka alipoingia miaka ya sabini. Ikaja kuonekana mwaka 2019 ana badiliko lingine la nadra kwenye jeni ya APOE linaloitwa Christchurch. Sasa hivi dunia nzima inatafuta dawa kwa kumfuata huyo mama wa kijijini. Lopera alifariki 2024, kazi inaendelea.

Mnaona ninapoelekea. Nani atajua kuna Aliria wangapi Makete, Ludewa, Ileje, kama hakuna aliyewahi kuuliza?

Tena ninyi mnajua kuliko mimi kwamba jeni za Waafrika hazijibu sawa na za Wazungu. Ile APOE aina ya nne ambayo kwa Wazungu inaongeza hatari ya Alzheimer uzeeni, walipolinganisha wazee wa Ibadan Nigeria na Wamarekani weusi wa Indianapolis ikaonekana kwa watu wa Ibadan nguvu yake ni ndogo. Kwa nini? Na je, kwa mwenye Down wa Kiafrika hiyo miaka 53 na 54 ni ileile, au inawahi, au inachelewa? Hizo namba zote nilizowapa hapo juu zimetoka Ulaya na Marekani. Hapo ndo pa kuchimba na hapo hakuna aliyeweka jembe.

Msiseme Tanzania haiwezi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, walipita nyumba kwa nyumba, wakakuta dimenshia kwa watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 kwenda juu, na wakatengeneza kipimo cha mtu asiyejua kusoma, anapanga vijiti vya kiberiti, leo kinatumika kwingine. Kazi nzuri sana ila imeanzia miaka 70, kaka yangu humo hayumo. Muhimbili wamefuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu 2004, huo ni ugonjwa wa jeni mtupu, damu inapimwa hapahapa na wataalamu ni wetu. Na Mbeya hii, NIMR ilishiriki majaribio ya chanjo ya VVU pamoja na Dar es Salaam, watu wa Mbeya walijitolea mikono yao. Friza za kutunza damu zipo, wauguzi wanaojua kuongea na mtu mpaka aelewe wapo. Kilichokosekana ni swali tu.

Na muda unakwenda kinyume chetu. Marekani mwaka 1983 mwenye Down aliishi wastani wa miaka 25, leo ni kama 60, hasa kwa sababu walianza kuwatibu moyo. Karibu nusu ya watoto wenye Down wanazaliwa na tatizo la moyo, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inawafanyia upasuaji watoto, jambo la kumshukuru Mungu. Basi hao watoto mnaowaokoa leo watakua. Mtakuwa mmewaokoa na tundu la moyo mkawapeleka moja kwa moja kwenye ugonjwa ambao hamjaujengea hata dawati.

Utafiti ninaoufikiria mimi wa mwanzo ni wa bei ndogo mpaka mtacheka. Mwenye Down kila mmoja ana kiwango chake, kwa hiyo huwezi kumpima kwa maswali ya rais ni nani, unampima dhidi ya yeye mwenyewe. Akifika miaka 30, au 35 mwishoni, mtu akae na mlezi wake aandike: anavaa mwenyewe? anapika? anajua njia ya wapi na wapi? anaimba? jina la nani anakumbuka? Mkitaka chukueni na video ya simu. Kila mwaka mnarudia. Siku akianza kushuka mnaona, na mnaona mapema. Kaka angekuwa na karatasi ya namna hiyo nisingehitaji kubishana na mtu dirishani, ningesema tu huyu mwaka juzi alikuwa anabeba maziwa peke yake, someni.

Halafu kabla hamjasema ni Alzheimer, kuna vya kuondoa kwanza. Tezi ya shingo ikilegea mtu anakuwa mzito, anasahau, analala, na wenye Down tezi zao zinasumbua mno. Huku kwetu ndo kabisa, wazee wetu wanakumbuka rovu zilivyokuwa nyingi Nyanda za Juu Kusini mpaka miaka ya 1980 wakagawiwa vidonge vya madini joto. Kipimo cha tezi ni cha damu na dawa yake ni kidonge cha kila siku. Masikio kuziba nta, mtoto wa jicho, kukoroma na kukatika pumzi usiku, sonona baada ya kufiwa, vyote hivyo vinamfanya mtu aonekane kachanganyikiwa, na vingi vinatibika. Kaka tezi yake ilikuja kupimwa baada ya binti wa dada kulazimisha. Ilikuwa sawa, kwa hiyo tunajua si hiyo. Lakini wangapi wako vijijini wanangoja kufa na ugonjwa wa kidonge kimoja?

Sasa suala la damu, nisilifiche. Mkija na sindano na magari mnajua kitakachosemwa, mumiani hao. Mwaka 2016 kule Chamwino, Dodoma, watafiti wa udongo waliuawa kwa kudhaniwa wanyonya damu, na walikuja kuchukua udongo tu, wala hawakumgusa mtu. Kwa hiyo anzeni na maswali, damu baadaye, na mje na mwenyekiti wa kijiji na watu wa kanisa na msikiti, mkae msikilizwe na msikilize. Kaka hawezi kusaini fomu kwa kuelewa yote, lakini kukataa anaweza, akitikisa kichwa muache, hata kama mama ameshaweka dole gumba. Sampuli ikienda nje ya nchi tuambiwe imekwenda wapi na kwa makubaliano gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mnayo, na taarifa ya jeni ni binafsi kuliko namba ya simu. Kwa zile familia za kurithi muwe waangalifu mara mbili, mtu asiambiwe ana jeni ya ugonjwa usio na dawa kabla hajasema anataka kujua, na asiachwe peke yake siku anapoambiwa. Carol mwenyewe hakutaka kupimwa. Na majibu yarudi, jamani. Kuna tafiti zimepita huku watu walihojiwa mpaka wakachoka na mpaka leo hawajui walisaidia nini.

Upande wa sera ombi langu ni jepesi. Pale palipoandikwa miaka 60 ongezeni mstari kwamba mwenye Down, na yeyote aliyethibitika kuwa na dimenshia, ahudumiwe bila kujali umri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, mstari huo uingie na kwenye vifurushi vyake, ni rahisi kuweka leo kuliko kuja kubomoa kesho. Na mkiweka muwakumbuke wanaolea. Mama yetu ana zaidi ya miaka sabini, anamnyanyua kijana wake wa miaka karibu hamsini kumpeleka chooni usiku kwenye baridi ya Juni ya Tukuyu, mgongo wenyewe ndo huo. Kaka hatusikii tukisema mama amechoka. Sina la kuwaomba hapo zaidi ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa awe anapita, hata mara moja kwa wiki, amwonyeshe namna ya kumgeuza na kumlisha asipaliwe, maana kupaliwa chakula kukaingia kwenye mapafu ndo kunawamaliza wengi wao mwishoni.

Nianze kufunga, mzigo unanisubiri. Chukueni mikoa yetu mitano. Afisa ustawi wa jamii wa kila halmashauri na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waandike kila mtu mwenye Down aliyezidi miaka 25, NIMR Mbeya waandae ile fomu ya kumhoji mlezi kwa Kiswahili cha kueleweka, na chuo cha udaktari cha hapa Mbeya kiwape wanafunzi kazi ya kuzunguka, wanatafutaga utafiti wa mwaka wa mwisho hao. Huo ndo mwanzo. Jeni zije mwaka unaofuata tukishaaminiana.

Ninachotaka kwenye majibu yenu ni ofisi gani italishika hili na nani anapokea simu, basi. Maneno ya tumelipokea tunalifanyia kazi naomba msiniandikie. Mimi hapa sokoni na kanisani nimeshajua familia kadhaa zenye watu wazima wenye Down kuanzia Uyole mpaka Kyela, wengine wamefichwa, wengine wako shambani. Majina sitayaweka kwenye barua ya wazi, wenyewe hawajaruhusu. Mkimteua mtu wa kuyapokea nitaenda kwao mmoja mmoja niwaulize, na watakaokubali nitamletea.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Mdogo wake, muuza viazi
Uyole, Mbeya